Mke wa Punda na Asubuhi ya Baa ya Tatu

Jina lake halisi lilikuwa Honorine Quinette, ila ukiliulizia hilo pale Hautemare watakutazama kama umepotea kijiji. Uliza Mke wa Punda. Hata padri alimwita hivyo, tofauti ni kwamba yeye alisubiri misa iishe.

Chanzo ni harusi yake, Juni ya mwaka thelathini na tisa. Baba yake, mzee Osmont, alikuwa amefariki majira ya baridi na kumwachia punda anayeitwa Seneta. Aliitwa Seneta kwa sababu alikuwa na kitambi, alitembea kama anayesubiriwa, na hakuwahi kuipita baa bila kusimama. Tusimlaumu. Miaka kumi na miwili mzee Osmont alipeleka maziwa na punda huyo, na njia yake ilikuwa na baa tatu. Ya kwanza ya Aubine, pale njia panda. Ya pili kwa mhunzi. Ya tatu kule mwisho kabisa, ng'ambo ya bwawa na kanisa, juu ya matuta ya mchanga, ambapo ukifungua mlango unaikuta bahari. Kila baa mzee alishusha kikombe cha kahawa yenye gongo ya matofaa. Ya tatu alishusha vitatu. Seneta alijifunza urefu wa kila kikombe, na muda huo ukawa wake. Unywe au usinywe, yeye haondoki kabla haujaisha.

Sasa bibi harusi kapandishwa kwenye mkokoteni, gauni jeupe, maua hadi kwenye masikio ya punda, mjomba kashika hatamu. Seneta akasimama kwa Aubine. Akasimama kwa mhunzi. Watu wanacheka, mjomba anatokwa jasho. Kisha wakafika kanisani, bwana harusi Fernand yuko kwenye ngazi na mama yake, na Seneta akapita. Hakupunguza hata mwendo. Honorine akapita mbele ya mume wake mtarajiwa kama gari la posta, mjomba anavuta hatamu hadi kalala chali, wakaenda kusimama baa ya tatu kwa nusu saa nzima wakitazama mawimbi.

Waliporudi, mama mkwe wake alikuwa bado kwenye ngazi. Akasema kwa sauti ya kanisa zima: "Fernand mwanangu, huyu ana mume tayari. Ana masikio marefu."

Basi. Jina likaganda hapohapo. Na aliyelitumia zaidi kuliko wote alikuwa huyohuyo mama mkwe, Bi Léonide, ambaye Honorine alikuja kuishi naye nyumba moja, kwa sababu mwaka uliofuata Wajerumani waliiteka nchi, na Fernand akakamatwa vitani na kupelekwa kambini Ujerumani. Mtoto wao Odile alizaliwa baba hayupo. Fernand alimjua kwa picha moja tu, ya ukubwa wa kiganja. Kila barua aliyoandika ilimalizika kwa mstari uleule: nitunzie huyo mdogo.

Shikeni mstari huo. Sasa tuache kucheka kidogo.

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe sita Juni, mwaka arobaini na nne, hakuna aliyelala Hautemare. Ndege zilipita chini kiasi kwamba vikombe vilitembea mezani. Bi Léonide, Honorine na Odile, wakati huo ana miaka mitatu, walikaa kwenye handaki walilochimba chini ya miti ya matofaa, lililofunikwa kuni na udongo. Walidhani ni kama usiku mwingine wowote, ndege zinaenda kupiga reli za watu wengine. Kulipoanza kupambazuka kelele zikapungua, na badala yake wakasikia ng'ombe.

Ng'ombe asiyekamuliwa ana sauti yake. Mtu wa pale hawezi kuivumilia, ni kama mtoto kulia.

"Nakwenda," alisema Honorine.

"Na huyo mtoto?"

"Atakwenda kwenye tenga lake kama kila siku. Nikimwacha atalia hadi Wajerumani waje kuuliza kulikoni."

"Mwache hapa."

"Mama, jana ulisema nikimwacha anakuchosha."

"Jana haikuwa leo, Mke wa Punda wewe."

Akaenda naye. Seneta alibeba matenga mawili: la kulia mtungi wa shaba wa maziwa, la kushoto Odile juu ya nyasi kavu, kafungwa mshipi wa ngozi ili asianguke. Hivyo ndivyo Honorine mwenyewe alivyokua, kwenye tenga hilohilo, nyuma ya baba yake. Malisho yalikuwa mwendo wa dakika kumi. Na kila asubuhi, mtungi ukishajaa, humpiga Seneta kofi la tako, naye hurudi nyumbani peke yake na mtoto, huku mama akimalizia ng'ombe wa mwisho kwa ndoo. Hajawahi kukosea njia hiyo, maana hakuna baa.

Pale malishoni walikuta kitambaa kikubwa kimetandwa juu ya mti, kama shuka za hospitali nzima zimeanikwa. Ng'ombe wote walikuwa wamejibana kona ya mbali. Honorine akawakamua hukohuko. Alikuwa kwenye ng'ombe wa saba aliposikia mtu akikohoa ndani ya ua wa miti.

Alikuwa askari, aliyeshuka angani na kile kitambaa. Si Mjerumani. Uso kajipaka masizi, mguu mmoja umekaa upande ambao mguu haukai, bunduki mapajani. Kijana mdogo tu. Walitazamana. Honorine, kwa kukosa la kufanya, akachota kikombe cha maziwa ya vuguvugu akampa. Akanywa chote. Kisha akaonyesha upande wa bahari. Akafungua mikono yote miwili, akafunga, akafungua, akafunga, mara nyingi, kama mtu anayehesabu vitu visivyohesabika. Akaonyesha mtoto, akaonyesha mbali, akasukuma hewa kwa viganja: nendeni, nendeni.

Honorine alielewa. Hapo ndipo anapoanzia kujilaumu, na hakuacha hadi uzee. Alielewa, akamfunga Odile mshipi vizuri, akamwambia, "Nenda na Seneta kwa bibi, nakuja," akapiga lile kofi la tako. Kisha akarudi kwa ng'ombe wa nane.

Usiniulize kwa nini. Ukiwauliza wanawake wa pale watakujibu wewe hujui ng'ombe. Yule wa nane, Duchesse, alikuwa na kiwele kilichowahi kuugua, ukimwacha nusu anaharibika wiki nzima. Dakika tano tu. Mwendo wa nyumbani ni dakika kumi. Alikuwa amepiga hesabu: angewapata njiani.

Dakika ya tatu mbingu ikapasuka.

Haikuwa mlio, ilikuwa ukuta. Manowari zilikuwa zimeanza kupiga pwani yote kwa mpigo, na ardhi ya malisho ikawa inaruka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Ndoo ilipinduka. Honorine alijikuta kwa magoti, kisha anakimbia, kiatu kimoja cha mbao kimebaki. Kwenye kona ya njia ya nyumbani, mti mkubwa ulikuwa umelala katikati ya njia na moto juu yake. Akapita kwa kutambaa pembeni mwa shamba. Akafika uani.

Bi Léonide alitoa kichwa handakini. Akatazama nyuma ya Honorine. Akatazama tena.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hajafika?"

"Honorine. Mtoto yuko wapi?"

Miaka minne ndani ya nyumba moja, ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake.

 Honorine aligeuka akarudi hadi kwenye ule mti uliokuwa unawaka, akainama kutafuta chini. Alama za kwato zilifika hapo, zikazunguka, zikaingia njia nyingine. Njia ya kwenda kwa Aubine.

Aubine alikuwa mama wa miaka sitini, mnene, mwenye matusi mazuri kuliko baa yoyote ya mkoa. Asubuhi hiyo alikuwa kalala chini ya kaunta yake, vioo vya madirisha vyote viko juu ya mgongo wake.

"Aubine, umemwona Seneta?"

"Alikuja. Alisimama hapo mlangoni kama mteja. Nikamwambia tumefunga."

"Na mtoto?"

Aubine hakuinuka.

"Mtoto yumo tengani?"

"Yumo. Alikuwa ameshika ukingo wa tenga kwa mikono miwili. Ananitazama kupitia dirisha."

"Ukamwacha?"

"Nilikuwa nakuja, mwanangu. Naapa nilikuwa nakuja. Nikafika hapo kwenye meza, kombora jingine likalia nikarudi chini. Nilipochungulia tena muda wake ulikuwa umeisha. Ameondoka."

Honorine alitoka bila kufunga mlango, ambao kwa vyovyote haukuwepo tena.

Kwa mhunzi kulikuwa na shimo. Karakana nusu, baa hakuna. Alizunguka lile shimo akiita jina la mtoto, akapasua vidole kugeuza matofali, akafunua turubai moja, la pili. Mbele kidogo barabarani aliona kitu kinang'aa: kifuniko cha mtungi wake wa shaba, kimebonyea. Na kuanzia hapo, matone ya maziwa kwenye vumbi. Matone, kisha mstari, kisha matone. Yalikuwa yanaelekea baharini.

Akaelewa punda anakwenda wapi.

Baa ya tatu haikuwepo. Wajerumani waliibomoa mwaka mmoja kabla ili mizinga yao ione vizuri. Kilibaki kizingiti cha jiwe. Kuzunguka kizingiti hicho wakaweka seng'enge na mabomu ya kufukiwa, na nyuma ya matuta wakafungulia maji yakafurika bwawa lote, ikabaki barabara moja nyembamba kupita katikati. Huko ndiko Seneta alikuwa anakwenda kutimiza muda wa mzee Osmont. Vikombe vitatu.

Kwenye barabara ile ya maji watu wachache walikuwa wanakimbia kuja huku, yeye peke yake anakwenda kule. Mzee Cyprien, seremala, alikuwa anasukuma toroli lenye saa kubwa ya ukutani, imelazwa kama mgonjwa.

"Mke wa Punda," alimwita, maana hata dunia ikiisha mtu hawezi kujizuia, "umechanganya njia. Bahari iko huko, na imejaa."

"Namfuata Seneta."

"Nimempita sasa hivi. Mwache bwana, punda utapata mwingine."

"Odile yumo tengani."

Cyprien akashusha mikono ya toroli. Akavua kofia.  Baadaye sana alisema: "Nilidhani ni maziwa. Nilimpita hatua mbili. Nilidhani ni maziwa."

Asubuhi ile Honorine alikuwa ameshaondoka.

Alipanda tuta la mwisho kwa tumbo, kifuniko mkononi, hajui hata kwa nini bado amekishika. Akainua kichwa, na kwa sekunde moja akasahau alichokuja kutafuta. Bahari haikuwa na maji. Ilikuwa na vyuma. Meli hadi pale macho yanapokomea, na mbele yao mashua bapa zinakuja kwa mstari, na ufukwe wote upande wa kulia unachemka moshi. Mikono ya yule kijana, inafungua na kufunga.

Kisha akamwona Seneta.

Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mbele ya mlango usiokuwepo, kichwa chini, masikio yamelala, ananing'iniza mdomo kama siku zote. Hatua hamsini kutoka seng'enge. Kwenye tenga la kushoto kulikuwa na kitu cheupe cha vumbi, kidogo, hakitembei.

"Odile!"

Kile kitu cheupe kikainua uso.

Seng'enge ilikuwa imekatika mahali, ndipo punda alipopita. Honorine aliingiza mguu mmoja, akauona ubao wenye fuvu. Mbao hizo Wajerumani walizitundika kila mahali, nyingine za uongo, na watu wa pale walijua kuzitofautisha: penye ng'ombe anachunga, ubao unadanganya. Hapa hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na mifupa ya mmoja. Akatafuta alama za kwato azikanyage, lakini mchanga ule mkavu ulikuwa umejifuta. Seneta alikuwa amepita kwa bahati, na bahati hiyo haikuacha nyayo.

Alirudisha mguu. Akikanyaga vibaya, Odile atabaki pale juu ya punda, peke yake, hadi vikombe vitatu viishe. Na baada ya hapo je?

"Seneta. Njoo. Njoo baba."

Hata sikio moja halikutikisika.

Alibembeleza. Alitukana, yale matusi ya Aubine yote. Alipiga mluzi ambao midomo mikavu haikuutoa. Odile alianza kuvuta mshipi afungue, anataka kushuka aje kwa mama, na hilo likamtisha Honorine kuliko mizinga.

"Kaa, Odile. Kaa humohumo. Mama anakutazama, kaa."

"Nataka kushuka."

"Ukishuka Seneta atalia. Kaa."

Kitu kilianguka nyuma ya tuta, mchanga ukamwagika juu yake kama mvua. Akalala kifudifudi, shavu juu ya kile kifuniko cha shaba, akanusa maziwa. Na akawa yeye mwenyewe tengani, enzi za baba yake. Ana miaka minne, kafungwa mshipi, anasubiri nje ya mlango huuhuu, na ndani anasikia jinsi baba anavyomaliza. Kikombe kinagongwa kwenye kaunta. Mara mbili. Kisha ile sauti yake nene, iliyokwaruzwa na gongo, neno lilelile kila siku ya Mungu, na kabla hajatoka mlangoni punda ameshaanza kutembea.

Siku ya harusi hakuna aliyelikumbuka. Hakuna aliyefikiria kwamba Seneta hakuwa anahesabu muda tu, bali pia alingoja kuagwa, na akiagwa aliondoka.

Alitafuta jiwe. Akagonga kifuniko. Mara mbili.

"Cha mwisho kimeshuka."

Sauti ilitoka nyembamba, ya mwanamke anayelia. Seneta alisogeza sikio, akaliacha hapo.

Akakohoa, akateremsha sauti hadi tumboni, akawa mzee wa miaka sitini mwenye mapafu mabovu, katikati ya mizinga ya nusu ya dunia. Akagonga mara mbili.

"Haya. Cha mwisho kimeshuka."

Seneta akageuka.

Hakukimbia. Hicho ndicho alichosimulia Honorine kila mara, hakukimbia, akatembea ule mwendo wake wa kusubiriwa, akizunguka anapotaka kuzunguka, akisimama kunusa jani. Hatua hamsini. Kila unyayo uliposhuka Honorine alifumba macho, na uliponyanyuka akafumbua. Kati ya hapo hakupumua. Mara moja Seneta alitikisika mwili mzima, chuma kimempata kwenye tako, akasimama. Honorine akagonga tena, akasema tena, sauti ya baba yake inavunjika katikati. Akaja.

Alipotoa kichwa kwenye seng'enge, Honorine hakufungua mshipi, aliukata kwa meno.

Hawakuweza kurudi kwa barabara, ilikuwa inapigwa. Alishuka na mtoto kwenye mtaro wa bwawa, maji kifuani, kamweka Odile begani, kichwa cha mtoto kimelala shingoni mwake. Walikaa hapo tangu asubuhi hadi mchana, midomo ikageuka rangi. Odile hakulia hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alimwuliza jambo moja tu: "Kwa nini Aubine hakufungua?"

Askari waliokuja kutoka ufukweni ndio waliowatoa, wamelowa kama wao.

Huku nyuma Seneta alikuwa amekwenda nyumbani, kwa sababu baada ya baa ya tatu ni nyumbani. Aliingia uani kama saa tatu asubuhi, tako linachuruzika damu, mtungi mtupu, tenga la kushoto tupu, na mshipi uliokatika unaburuta chini. Bi Léonide aliona. Alichoelewa, kila mmoja wetu angeelewa hivyohivyo. Majirani waliopita mchana walimkuta amekaa uani, si handakini, mizinga inalia, mikono yake imezunguka shingo ya punda, paji la uso kwenye manyoya. Walimwambia aingie ndani. Akawauliza aingie afanye nini.

Honorine alifika jioni, miguu mitupu, mtoto mgongoni. Bi Léonide aliinuka polepole. Akamgusa Odile kichwani, mkononi, mguuni, kama anayekagua kama vyote vimo. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Maziwa yangu yako wapi?"

Na hapo ndipo alipojitupa kifuani mwake, ikabidi Honorine amshike.

Duchesse alikutwa amekufa malishoni, miguu juu. Yule kijana wa masizi naye, ndani ya ua wa miti, kile kikombe amekiweka wima pembeni kwa uangalifu, kama mtu atakayekuja kukirudisha. Hakuna aliyejua jina lake. Kila mwaka tarehe hiyo Honorine alimpelekea maua, na kikombe cha maziwa.

Fernand alirudi mwaka uliofuata, kilo arobaini na tisa, ana ile picha mfukoni. Odile alijificha nyuma ya punda siku nne kabla ya kumkubali. Aubine aliweka tena mlango, ila tangu siku hiyo hakuufunga mchana, hata theluji ikianguka, na Seneta akisimama alitoka nje mwenyewe na kusimama naye hadi muda uishe.  

Seneta aliishi miaka tisa mingine na kipande cha kombora la manowari takoni. Honorine aliishi hadi miaka themanini na mitatu. Mwishoni, kwenye nyumba ya wazee, nesi mpya alikuwa anamwita "Bi Quinette, Bi Quinette," bibi anatazama dirisha tu. Odile, ambaye naye alikuwa na mvi kichwani, akamwambia nesi usipoteze muda. Akagonga kijiko kwenye meza mara mbili.

Mke wa Punda akageuka.

Haya, zamu yenu. Kwenu kuna nani mwenye jina la aibu lililoganda, na nyuma yake kuna nini ambacho wanaocheka hawakijui? Muulizeni bibi, muulizeni babu, leo, si kesho. Kisha mtuandikie hapa chini. Tutacheka kwanza, halafu tutanyamaza, kama ilivyo desturi.